Mwenye soko na mizani yake: haki ya wauza ujuzi mtandaoni

Mtu aingiaye sokoni Kariakoo, Darajani au Marikiti ya Mombasa huona kwa macho yake meza ipi iko mlangoni na ipi imejificha nyuma ya nguzo. Muuzaji naye hujua kwa nini amekaa alipokaa: alitangulia kufika, alirithi nafasi ya mzazi wake, au alimlipa aliyekuwapo. Sababu hizo huenda zisiwe za haki, lakini zinajulikana na zinaweza kubishaniwa. Katika masoko mapya ya mtandaoni, ambako watu huuza tafsiri, michoro, uandishi, hesabu na programu za kompyuta, mwenye soko hupanga meza upya kila mnunuzi anapotafuta kitu. Aliyekuwa mlangoni jana aweza leo kujikuta katika kichochoro cha mia moja, wala asijue amekosa nini.

Swali hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa karibu. Tafsiri ya Kiswahili ni miongoni mwa bidhaa zinazouzwa katika masoko hayo, na wauzaji wake wametapakaa Nairobi, Dar es Salaam, Bukavu, Maskati, London na Minneapolis. Mwanafunzi aliyemaliza chuo na kukosa ajira, mama mwenye watoto wadogo asiyeweza kutoka nyumbani, mhamiaji ambaye vyeti vyake havitambuliwi ugenini, wote huambiwa kwamba mtandaoni hakuna anayeuliza mtu ni mtoto wa nani. Serikali ya Kenya nayo ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwaelekeza vijana kwenye kazi za namna hiyo. Ahadi ni kwamba mwenye ujuzi ataonekana. Inafaa basi kuchunguza ni nani anayeamua aonekane, na kwa kipimo gani.

Historia yenyewe ni fupi. Kampuni ya Elance ilianzishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na oDesk ikafuata mwaka 2003. Zilitangaza kuungana mwishoni mwa 2013, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork. Fiverr ilianza Israel mwaka 2010, ikijulikana kwa kazi za dola 5. Kampuni hizo haziajiri wafasiri wala wachoraji. Huwakutanisha wauzaji na wanunuzi, hushika fedha hadi kazi ikamilike, kisha hukata kamisheni. Kwa Fiverr, muuzaji hukatwa asilimia 20 ya mapato yake.

Ni haki kuanza na hoja ya wenye soko, kwa sababu si hoja dhaifu. Mnunuzi wa Chicago anayetaka kijitabu cha afya kifasiriwe kwa Kiswahili hajui Kiswahili. Hawezi kuionja bidhaa kama anavyoonjwa embe. Mwanauchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970 kwamba pale ambapo mnunuzi hawezi kutofautisha kizuri na kibovu, hukataa kulipa bei ya kizuri, na wauzaji wazuri huishia kuondoka sokoni. Kinga iliyobuniwa mtandaoni ni kumbukumbu ya walionunua kabla. Pierre Omidyar, mwasisi wa eBay, aliweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana maoni mwaka 1996, na masoko ya kazi yaliyokuja baadaye yakaiga njia hiyo.

Isitoshe, alama hizo humsaidia zaidi aliye mbali. Watafiti Ajay Agrawal, Nicola Lacetera na Elizabeth Lyons walichunguza maombi ya kazi katika oDesk, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016. Waliona kwamba waombaji wa kutoka nchi zinazoendelea walikuwa na nafasi ndogo ya kuchukuliwa kuliko wale wa nchi tajiri, lakini rekodi ya kazi iliyothibitishwa na jukwaa lenyewe iliwanufaisha wao zaidi. Mwajiri aliye Ulaya hakijui chuo kikuu cha Bukavu, wala hajui kampuni aliyofanyia kazi mwombaji wa Morogoro, nyota anazijua. Anayetaka nyota zifutwe kabisa hana budi kueleza mgeni huyo atajitambulisha kwa kitu gani kingine.

Tatizo huanza kabla nyota ya kwanza haijapatikana.

Amanda Pallais, mwanauchumi wa Marekani, alifanya jaribio katika oDesk ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la American Economic Review. Alitangaza kazi fupi ya kuingiza takwimu, kisha miongoni mwa maelfu ya walioomba akawachagua watu 952 kwa bahati nasibu, akawapa kazi na kuwaandikia maoni. Baadaye alifuatilia hali yao na ya wale ambao bahati haikuwaangukia. Wageni waliopewa kazi hiyo moja, yenye saa zisizozidi 10, walipata kazi nyingi zaidi na kipato kikubwa zaidi katika kipindi kilichofuata. Elimu yao ilikuwa ile ile, na hapakuwa na mafunzo yoyote waliyopewa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu mmoja aliyesema hadharani kuwa amewahi kufanya kazi nao.

Pallais alieleza pia kwa nini soko halilimalizi tatizo hilo lenyewe. Mnunuzi wa kwanza anayemjaribu mgeni hubeba hasara yote iwapo mgeni hajui kazi. Akiwa anaijua, faida huenda kwa wanunuzi wote wanaofuata, ambao sasa wanamtambua. Kila mmoja basi hungoja mwenzake atangulie. Hakuna mwenye nia mbaya, na mlango unabaki umefungwa. Kinachosikitisha ni kwamba mwenye soko ndiye pekee anayevuna kutokana na wote, na kwa hiyo ndiye mwenye sababu na uwezo wa kulipia majaribio hayo. Mara nyingi gharama hiyo huachiwa mgeni mwenyewe, kwa kufanya kazi zake za mwanzo kwa bei ya kutupa.

Kwa wale waliokwisha kuingia, swali linakuwa jingine: je, aliyeko juu yuko juu kwa sababu ni bora? Jibu lenye mafunzo lilitoka katika uwanja wa muziki. Mwaka 2006, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi ya wasikilizaji walichagua bila kuona wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na ndani ya kila kundi idadi ya waliochukua kila wimbo ilionyeshwa. Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini makundi hayakuwa na washindi wale wale. Nyimbo bora kabisa ziliepuka mkiani na mbovu kabisa hazikupanda sana. Hizo nyingine zote, ambazo ndizo nyingi, ziliangukia popote. Na pale nyimbo zilipopangwa kwa safu, iliyochukuliwa zaidi ikiwa juu, pengo kati ya wa juu na wa chini likapanuka zaidi.

Kazi ya tafsiri si wimbo, ni kweli, na mteja aliyepewa tafsiri mbovu hatarudi. Lakini mfano unagusa penyewe. Orodha inayopangwa kwa kuangalia waliochaguliwa jana huzalisha wachaguliwa wa kesho, na bahati ndogo ya mwanzo hukua ikawa umaarufu ambao baadaye huitwa ubora. Mwanasosholojia Robert Merton aliipa hali hiyo jina la athari ya Mathayo mwaka 1968, alipokuwa akizungumzia wanasayansi wanavyogawiwa sifa.

Baada ya bahati huja hesabu, na hapa msikilizaji anaweza kuchukua kalamu. Wachukuliwe wafasiri wawili wa mfano. Mmoja amefanya kazi 200, zote za nyota 5. Mwingine amefanya kazi 4, nazo zote za nyota 5. Wote wawili wanampata mteja yule yule mkorofi, aliyetaka tafsiri ya kurasa 40 kwa siku moja, naye anampa kila mmoja nyota 1. Wastani wa yule wa kwanza unashuka hadi 4.98, kiasi ambacho hakionekani kwa macho. Wa pili anaporomoka hadi 4.2. Katika mfumo ambao Fiverr iliutumia kwa miaka kadhaa kabla ya mabadiliko ya 2024, muuzaji mwenye ngazi alitakiwa kuwa na wastani usiopungua 4.7. Ili nyota hiyo moja izikwe, mtu anahitaji nyota 5 katika kazi 13. Huyu ana 4, na lazima apate 9 nyingine mfululizo, huku akitafuta kazi hizo kutoka kwenye kichochoro alikotupwa. Kosa ni moja na mteja ni yule yule, lakini mkongwe anakwaruzwa na mgeni anavunjika mguu.

Wataalamu wa takwimu wanayo dawa ya jambo hili na imejulikana kwa miaka mingi: ushahidi mdogo usipewe sauti kubwa, na mwenye kazi 5 ahesabiwe kuwa karibu na wastani wa soko zima hadi kazi zake zitakapotosha kumsemea. Kuitumia ni mistari michache ya programu. Mahali ambapo haitumiki, si kwa sababu ni ngumu.

Na nyota zenyewe zimepoteza thamani, kama fedha iliyochapishwa kupita kiasi. John Horton, Joseph Golden na Apostolos Filippas walichunguza soko moja kubwa la kazi mtandaoni wakaona kwamba sehemu ya kazi zilizopewa nyota 5 ilipanda kutoka takriban theluthi moja hadi zaidi ya asilimia 80 katika muda usiotimia muongo mmoja, na ongezeko hilo halikuelezwa na kupanda kwa ubora wa kazi peke yake. Wateja walikuwa wanaona haya. Mtu anajua kwamba nyota 4, ambazo katika lugha ya kawaida ni sifa njema, zitamwumiza mwenzake, kwa hiyo anaandika 5 hata asiporidhika. Mwishowe nyota 4 zinakuwa tusi, na kipimo chenye hatua tano kinabaki na hatua mbili tu: kamili na aibu.

Upwork ilijibu kwa kutafuta ukweli nyuma ya pazia. Kuanzia 2015 imekuwa ikionyesha alama ya mafanikio ya kazi, kwa asilimia, na mwenye 90 au zaidi, akitimiza masharti mengine, hupewa beji ya walio bora. Alama hiyo haitokani na nyota za hadharani pekee. Mteja anapofunga kazi huulizwa pia, kwa faragha, iwapo angempendekeza mfanyakazi huyo kwa mwingine, na jibu hilo mfanyakazi haonyeshwi. Kwa mteja, faragha humpa uhuru wa kusema kweli. Kwa mfanyakazi, maana yake ni kwamba mtu aweza kumwandikia nyota 5 na maneno matamu, kisha wiki chache baadaye alama ishuke kutoka 97 hadi 88 bila yeye kujua ni mteja yupi, kazi ipi, wala kasoro ipi. Fiverr nayo, katika mfumo wake wa 2024, ilileta alama ya mafanikio kati ya 1 na 10, inayokusanya mambo mengi ambayo uzito wa kila moja haukuwekwa wazi.

Wenye majukwaa hujitetea kwamba kanuni ikiwekwa wazi yote, walaghai wataichezea. Utetezi huo una uzito, kwani nyota za kununua zipo na ni biashara. Lakini kuna tofauti kati ya kuficha kanuni na kuficha mashtaka. Mahakama haihitaji kumfundisha mwizi jinsi polisi wanavyofanya kazi; inahitaji kumwambia mshtakiwa anadaiwa kufanya nini. Mfasiri aliyeambiwa kwamba istilahi zake za kitabibu zilikuwa dhaifu anaweza kununua kamusi. Aliyeonyeshwa namba 88 hana la kufanya ila kuogopa.

Kuna pia mambo ambayo mizani huyapima ilhali si ya mfanyakazi. Katika utaratibu wa Fiverr ulioanza mwaka 2018, wauzaji walikaguliwa tarehe 15 ya kila mwezi, na walitakiwa kuwajibu wateja na kukabidhi kazi kwa wakati kwa kiwango cha asilimia 90. Masharti hayo yanasikika kuwa ya kawaida hadi yanapovuka bahari. Mteja wa California anayeandika saa kumi na moja jioni, wakati wa majira ya baridi, humkuta mfasiri wa Mombasa saa kumi alfajiri. Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikazorota kutoka Kenya na Tanzania hadi Uganda na Msumbiji. Saa ya jukwaa huendelea kuhesabu siku kama hizo. Isipokuwa mteja akubali kuongeza muda, kuchelewa kunaandikwa kuwa kuchelewa. Wauzaji waangalifu wamejifunza kutaja siku nyingi kuliko wanazohitaji, na kwa kufanya hivyo huonekana wazito kuliko mshindani wa Manchester ambaye taa yake haizimi.

Jambo la rangi na jinsia nalo haliwezi kupitwa. Watafiti wakiongozwa na Anikó Hannák walichambua wasifu wa wafanyakazi wapatao 13,500 katika TaskRabbit na Fiverr, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba katika majukwaa yote mawili, jinsia na rangi ambayo mtu alionekana kuwa nayo vilihusiana na tathmini alizopewa na wateja. Kompyuta haikuhitaji kuambiwa imbague mtu yeyote. Ikilishwa nyota zilizotolewa na watu wenye upendeleo, na ikazipanga meza kwa nyota hizo, inausafirisha upendeleo ule ule ukiwa umevaa vazi la hesabu.

Katika miaka ya karibuni nafasi ya juu imeanza pia kuuzwa waziwazi. Fiverr huwawezesha baadhi ya wauzaji kulipia matangazo ili huduma zao zitokee mbele, na katika Upwork mwombaji anaweza kuongeza tokeni alizonunua ili ombi lake lipandishwe juu ya mengine. Kulipia tangazo si dhambi. Hata gazeti huuza ukurasa wake wa mbele. Uzito uko pale ambapo mnunuzi haoni kwa urahisi kwamba aliyeko juu amefika hapo kwa fedha, na pale ambapo dola chache, zisizo kitu huko Toronto, ni chakula cha siku nzima huko Kigoma.

Mahali ambapo mlango ni mwembamba, funguo nazo huwa biashara. Nchini Kenya, akaunti zenye nyota nyingi zimekuwa zikiuzwa na kukodishwa licha ya kukatazwa na majukwaa. Mwenye jina hubaki na sehemu ya malipo, mfanyakazi halisi hubaki kivuli, na siku akaunti ikifungwa hana wa kumlalamikia. Wanaolaani biashara hiyo wana haki ya kuilaani, kwa kuwa mteja anadanganywa. Hata hivyo inaonyesha thamani ya nyota ilivyo: mtu mwenye ujuzi kamili anaona afadhali alipie jina la mwingine kuliko kuanza na jina lake mwenyewe lisilo na kitu.

Akaunti hizo zina bei kwa sababu sifa haihamishiki. Fundi cherehani akihama kutoka Kisutu kwenda Tandika, wateja wake wanaweza kumfuata. Mfasiri aliyejenga kazi 600 katika jukwaa moja kwa miaka 8, kamisheni ikipandishwa, hana njia ya kuzibeba nyota zake kwenda jukwaa jingine. Anaanza upya akiwa mgeni, katika hali ile ile aliyoieleza Pallais. Mwenye soko analijua hilo anapopanga kamisheni.

Upande wa sheria, Umoja wa Ulaya ndio uliotangulia. Kanuni yake namba 1150 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 12, 2020, inayataka majukwaa kueleza vigezo vikuu vya kuwapanga wauzaji, kusema iwapo malipo yanaathiri nafasi, kutoa sababu yanapomzuia au kumfungia muuzaji, na kuwa na utaratibu wa kusikiliza malalamiko. Oktoba 2024 iliongezwa sheria kuhusu kazi za majukwaani, inayodai kwamba maamuzi mazito kama kufunga akaunti yafanywe na binadamu, na nchi wanachama zilipewa hadi Desemba 2, 2026 kuiingiza katika sheria zao. Nje ya serikali, mradi wa Fairwork wenye makao yake Chuo Kikuu cha Oxford umekuwa tangu 2021 ukiyapima majukwaa ya kazi za mtandaoni yenyewe, kwa alama hadi 10, na mengi yameambulia alama za chini. Kuna ladha fulani katika kuona mwenye mizani naye akipandishwa kwenye mizani.

Lakini sheria hizo zina mipaka yake. Kanuni ya 2019 humlinda muuzaji aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya anayewahudumia watumiaji wa kawaida walioko humo humo. Mfasiri wa Hamburg anayefasiri barua za familia anaweza kuitegemea; mwenzake wa Hamburg anayefasiri mikataba ya makampuni hana uhakika huo, na yule wa Mombasa yuko nje kabisa, hata kama jukwaa, mteja na kazi ni vile vile. Alichonacho wa Mombasa ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo lenye athari kubwa kwake, na kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Tanzania ilipitisha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Sheria hizo hazikuandikwa kwa kumfikiria mfasiri aliyeshuka kutoka 97 hadi 88, lakini namba hiyo ni taarifa inayomhusu, imetengenezwa na mashine, na inaamua iwapo simu yake italia mwezi ujao.